Kuacha biro na kupeleka chakula: maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Uvira



Komite ilituomba tuseme juu ya kazi yetu ya chakula, kwa sababu mezani kwa mtunza sanduku kuna sasa maombi matano ya mkopo, na yote yanasema neno moja: nataka kuacha kazi, nipike, nipeleke chakula kwa watu. Sanduku letu munalijua. Haliwezi kutosha watano mara moja. Likianguka, hata yule anayengoja mkopo wa mbegu au wa kulipa minerval ya mtoto ataanguka nalo. Basi kabla ya kura, komite inataka musikie kwa sisi watatu tuliotangulia. Tutasema mpaka hesabu.

Wengi munatufahamu. Mmoja wetu alikuwa sekretere, mmoja kasiye, mmoja alikuwa anachunga depo, wote katika biro za ONG hapa Uvira. Tulikulia Lugufu, tukasoma kulekule, tukavuka ziwa na meli mpaka Baraka katika ile miaka baada ya 2005, wakati HCR ilianza kurudisha watu. Tulikuja na diploma katika karatasi ya nailoni ili maji yasiiguse. Mutu mwenye diploma anaenda biro, njo vile wazazi walituambia, na hatuwalaumu.

Lakini biro ya hapa kwetu munajua namna inavyokwenda. Kontra ya miezi mitatu, kontra ya miezi sita, halafu projet inaisha na watu wote wanarudi nyumbani. Mmoja wetu alihesabu miaka yake miwili ya mwisho: miezi 15 ya kazi, miezi 9 ya kungoja simu. Katika ile miezi ya kungoja tulikula kwa deni dukani, tukipata kontra tunalipa deni, deni likiisha kontra nayo imeisha. Watu wanasema tulikuwa na mshahara tukautupa. Hatukutupa kitu. Ni mshahara ndio ulikuwa unatutupa sisi, kila baada ya miezi sita.

Kwa nini chakula? Kwa sababu tulikuwa tunaona njaa ya biro kila siku. Saa sita mchana mutu anaacha kazi, anatembea mbali kutafuta sahani, anarudi amechelewa na chefu amekasirika. Wengine wanangoja mpaka saa kumi na tumbo tupu. Na si biro tu. Muuguzi wa zamu hawezi kutoka. Muuza duka akifunga mlango anapoteza kliyani. Mubadilisha pesa hawezi kuacha meza yake. Halafu kuna mama anayerudi jioni saa kumi na mbili, hana nguvu ya kutwanga sombe wala muda wa kuichemsha, na nyumbani wanamungoja sita. Huyo hahitaji sahani, anahitaji sufuria nzima iliyoiva. Kule Kigoma tulizoea mama ntilie, lakini mama ntilie anakungoja umufuate. Sisi tulisema tutawafuata watu.

Namna ya kuacha kazi, hapo tusikilizeni vizuri, ninyi watano. Hatukuacha siku moja. Wa kwanza hakuacha kitu, kontra yake iliisha mwenyewe, akaanza na sahani 12 kwa siku. Wawili tukabaki biro na kila mwezi tulitia sehemu ya mshahara katika makala na mchele. Mwezi wa nne, sahani zilipofika 25 na mikono ya mutu mmoja haikutosha tena, wa pili akatoka. Wa tatu alikaa mpaka mwezi wa nane, na ule mshahara mmoja njo uliolisha nyumba tatu muda ule. Tena mutoke kwa heshima. Mwenye kontra isiyo na mwisho, sheria ya kazi ya 2002 inampa chefu wajibu wa kukupa taarifa ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza. Ukiwa wewe ndiye unayetoka, unatoa nusu ya hizo. Andika barua, wakutilie sahihi kwenye kopi yako, ichunge. Biro ya kwanza kutupa komande ya kila siku ni ileile aliyotoka sekretere wetu. Angetoka kwa kugonga mlango, nani angemuagizia sombe?

Sasa hesabu, maana wengi munaiuliza pembeni. Tulianza na dola 300 za sanduku hili pamoja na fungu tulilogawana katika AVEC. Tukanunua sufuria mbili kubwa, hotpoti sita, mbabula mbili za udongo zile zinazokula makala kidogo, na sahani zenye kifuniko. Sahani tunaiuza franka 5.000. Ndani yake chakula chenyewe kinakula 3.000, makala na mafuta ya ngazi 700, motari 300, sabuni, maji na taksi 200. Inabaki 800. Leo tunauza sahani 40 kwa siku, ni franka 32.000, na mwezi wenye siku 24 za kazi unaleta 768.000. Hapo tunatoa deni la sanduku, kinachobaki tunagawana watatu. Ukiongeza sufuria za jioni, kila mmoja anapata karibu nusu ya mshahara aliokuwa anapokea biro.

Ndiyo, nusu. Tumeona wengine munaangaliana. Hatukuja kuwapamba. Tofauti ni kwamba nusu hii inakuja kila mwezi, tena kila siku kuna kitu cha kula, na dukani hakuna tena kitabu chenye jina letu. Lakini mwenye kazi ya kweli, mwalimu aliye na matricule na anayelipwa, muuguzi anayelipwa, sisi tunamwambia: baki. Kama ni mama nyumbani mwenye mikono na muda, aanze yeye, wewe umusaidie na mshahara wako. Katika maombi yale matano, mawili ni ya watu wa namna hiyo, na tumekwenda kuwaambia uso kwa uso kabla ya leo.

Motari alitusumbua kichwa mwanzoni. Ukilipa kila safari, faida yote inapanda juu ya moto na kuondoka. Tulipatana na kijana mmoja, mutoto wa mwanachama, tunakodi saa zake mbili tu, tangu saa tano na nusu mpaka saa saba na nusu, franka 12.000 na sahani yake ya chakula. Saa zingine anabeba watu wake. Tulimupangia njia: Kavimvira kwanza, halafu anashuka Mulongwe, mwisho Kalundu. Mwaka wa 2024 maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za watu, ile njia iligeuka kabisa. Kliyani wengine walihama, wengine tuliwafikia kwa kuacha moto barabarani na kuvua viatu. Yule kijana hakudai nyongeza. Tunamushukuru hapa mbele yenu.

Jambo linalotunyima usingizi ni ugonjwa. Uvira na kipindupindu ni majina ambayo watu wamezoea kuyasikia pamoja, na kliyani mmoja akiharisha, kesho hakuna biro itakayotufungulia. Kwa hiyo tuna kanuni ngumu, na anayekuja kupika nasi anazifuata au anarudi kwake. Maji yote ni ya kutiwa dawa au kuchemshwa, hata ya kuosha sahani. Chakula kinatoka jikoni kikitoa moshi. Wataalamu wanasema kisishuke chini ya digri 60, na kilichopoa kisikae zaidi ya saa mbili. Ndiyo maana hatupiki alfajiri ili tupumzike, tunamaliza saa tano kamili. Wali uliobaki hauuzwi kesho yake, hata ukiuona mzuri. Kuna vijidudu katika mchele ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, wali ukikaa vinaamka na kutoa sumu, na ile sumu haiondoki hata ukiupasha tena moto. Na sombe, bamama munajua wenyewe: majani ya muhogo yana sumu yake, inatoka kwa kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu bila kufunika. Mutu akiwaambia ana namna ya kuivisha sombe kwa dakika 20, musile kwake.

Samaki nao wana kalenda yao. Mwezi ukijaa angani, taa za wavuvi hazivuti tena ndagala, bei inapanda wiki nzima. Tena mwaka wa 2024 nchi za kandokando ya Tanganyika zilipatana kufunga uvuvi tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazae. Ni jambo zuri kwa watoto wetu, lakini kwa sahani ya 5.000 ilikuwa miezi mitatu mirefu. Tuliwaambia kliyani mapema: wiki hii maharagi na mayai, wiki ijayo makayabo, siku zingine tomsoni. Bei hatukuigusa. Tulipoteza kliyani sita, wanne walirudi mikeke iliporudi.

Deni la kliyani ni jambo lingine. Kuna shirika moja, jina tuliache, lilituagizia chakula cha seminere, watu 60, siku tatu. Tulipika, walikula, walisifu. Pesa ilikuja baada ya wiki 11. Karatasi ilikuwa inangoja sahihi ya mutu aliye safarini, halafu sahihi ya mwingine. Muda ule tulinunua makala kwa fungu la AVEC, na motari tulimulipa kwa kuuza redio. Tangu hapo seminere tunazipokea tu kwa nusu ya pesa mbele, na ile nusu iingie kwenye simu kabla hatujawasha moto. Wametukatalia mara mbili. Tulibaki na sahani zetu 40 na tukalala vizuri.

Haya ya watu kusema, tutayapita haraka. Baba mdogo wa mmoja wetu aliuliza mbele ya ukoo: diploma ya serikali kwa kuuza ugali? Sasa anaagiza kila Jumapili. Analipa, lakini anataka kipande cha samaki cha mkia na cha kichwa pamoja.

Kwa wafadhili wetu tuna neno la heshima. Mmoja wenu ameandika kwamba anaweza kutupatia fuo kubwa ya umeme. Tunashukuru sana kwa moyo huo. Ila umeme wa hapa unakuja na kuondoka wenyewe, na siku ukikosekana saa nne asubuhi watu 40 watakosa chakula. Kama inawezekana, pesa ileile itupatie tanki la maji la litre 1.000 na bomba zake, na kinachobaki kiingie katika sanduku la mkopo. Maji njo yanayotuchelewesha. Mmoja wetu anaamka saa tisa usiku kupanga bidoni.

Kwa kura ya Jumapili, haya ndiyo tunayopendekeza, na komite iko huru kukataa. Mkopo uende kwanza kwa wale wawili ambao kontra zao zimekwisha, maana hao hawana kitu cha kuacha. Wapewe miezi miwili kabla ya kuanza kurudisha. Sisi tulipewa mmoja na ulikuwa mfupi. Lakini wasipike wote sahani za saa sita. Mchana wa Uvira si bahari. Sita tukikimbilia biro zilezile tutashusha bei mpaka wote tule hasara, na sanduku litalia. Mmoja afanye kazi ya kutwanga na kuchemsha sombe kwa wingi, sisi tutakuwa kliyani wake wa kwanza, tunamuhakikishia sufuria mbili kila siku na pesa mkononi. Mwingine, anayeishi Kalundu karibu na bandari, achukue jioni ya upande ule. Tutamuachia kliyani wetu tisa wa huko, na majina yao tumekwisha kuyaandika. Na makala tununue pamoja, magunia kumi kwa mara moja, tugawane.

Wale watatu wengine wasikate tamaa. Mlango wa jiko uko wazi, waje wiki mbili waone saa tisa usiku inafanana namna gani, halafu watuambie kama bado wanataka.

Kuna maswali, tutayajibu. Na kabla hatujakaa: humu ndani kuna wanachama wanne wenye deni la sahani tangu mwezi uliopita. Hatuwataji. Daftari iko kwa kasiye wetu, amekaa pale karibu na dirisha.