KAMERA YA BABA PALE FORODHANI

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani mbele ya Chama cha Picha cha shule, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kupiga picha za rangi kwa kamera ya zamani. Nimekuja na kosa langu, nikitumaini kwamba litawafaa kuliko sifa.

Kamera hii mnayoiona ni Minolta SR-T 101, aina iliyotoka Japani mwaka 1966. Ilikuwa ya marehemu baba. Katika ujana wake alimpiga mama picha Forodhani, Unguja, mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Picha ile ni nyeusi na nyeupe. Uzeeni baba akaniambia, "Mwanangu, niletee ya rangi, nipaone tena."

Mwaka 2018 nikavuka bahari na filamu moja ya picha 36. Nilikuwa nimejiandaa. Betri za zebaki za volti 1.35 zilizotumiwa na kamera hii haziuzwi tena, na betri ya volti 1.5 hupotosha kipimo cha mwanga. Lakini shata yake haihitaji betri, kwa hiyo nilifuata kanuni ya wazee: jua likiwa kali, filamu ya 200 ipigwe kwa 1/250 ya sekunde, na lenzi iwekwe 16.

Pwani ina hila zake. Maji hurudisha mwanga kama kioo, kipimo kikadanganyika, na uso wa mtu ukatoka giza. Msogelee mtu, pima usoni mwake, kisha rudi nyuma upige. Ukiwa na shaka, ongeza mwanga kidogo, maana negativu ya rangi husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Majumba ya Forodhani yanatazama bahari upande wa magharibi. Asubuhi nyuso zake zimo kivulini. Ngoja alasiri, jua liyapige.

Haya yote niliyajua, nikayafuata. Nilipiga jumba, nikapiga majahazi, nikapiga ukuta wa bahari. Kihesabio kilifika 36, kikapita, kikaenda 38, na mkono wa kusogezea filamu bado mwepesi. Hapo ndipo moyo uliponidunda. Studio walinirudishia mkanda mtupu, wenye nambari za pembeni tu. Ncha ya filamu haikushika tangu mwanzo. Siku nzima nilikuwa nikipiga hewa.

Nilimwambia baba nitarudi mwakani. Mwaka 2019 baba akafariki. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ikaanguka, pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Mbele ya msiba huo filamu yangu ni jambo dogo. Lakini ile picha aliyoniomba baba haiwezi kupigwa tena, na mimi nilikuwa pale, saa njema, na kamera mkononi.

Kinga yake ni ya nusu dakika. Tia filamu kivulini. Funga mlango wa kamera, kaza taratibu kishikio cha kurudishia filamu mpaka ukisikie kizito, kisha vuta mkono wa kusogezea. Kishikio kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, fungua uanze upya.

Mwaka 2021 nilirudi Forodhani. Kishikio nilikitazama kila picha. Niliwapiga vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani, maji yakiwa ya kijani, nao wakicheka. Moja nilimpelekea mama. Aliishika kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole ukutani na kusema, "Hapa ndipo tulipokaa."

Vijana, leo ninaiacha kamera hii mikononi mwa chama chenu. Ifuteni chumvi kila mtokapo pwani, wala msiiache ndani ya gari juani. Na mzee wako akikuomba picha, usimwambie mwakani.