Vyama Viwili, Futari Moja



Leo tunakumbuka 9 Desemba 1961. Sisi wazee tulikulia kwenye chama kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Visiwani tuliona majirani wakifika mahali pa kutozikana. Tusiyalete hayo hapa.

Vijana mnaniuliza: Mwislamu ni wa Democrat au wa Republican? Tazameni. Mwaka 2018, hapa Tarrant County, baadhi ya Republican walitaka kumwondoa Dkt. Shahid Shafi kwenye umakamu mwenyekiti kwa kuwa ni Mwislamu. Januari 2019 chama kikapiga kura: 139 wakamtetea, 49 wakamkataa. Mwaka 2022, Salman Bhojani wa Euless na Suleman Lalani wa Sugar Land, kule Houston, wakawa Waislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la Texas, kwa tiketi ya Democrat. Wote watatu ni wahamiaji kama sisi. Walijulikana kwa kazi yao kabla ya kuomba kura.

Texas hujiandikishi kwa chama. Mwenye uraia ajiandikishe siku 30 kabla ya uchaguzi, na Machi achague mwenyewe mchujo wa chama gani. Mwenye kadi ya kijani asubiri. Kupiga kura kabla ya uraia ni kosa kubwa.

Baba akipiga huku na binti kule, si ugomvi. Jioni futari ni ile ile.

Uhuru mwema.