Kabla ya Kuteremka Ziwani: Yanayomngoja Mgeni Kasulu na Kibondo

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wageni, wanachama na majirani wakati wa maadhimisho ya hekalu letu)

Waheshimiwa wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama, majirani zetu Waislamu na Wakristo mlioitikia mwaliko wetu, na ninyi wageni mliotoka Mwanza, Tabora, Dar es Salaam na ng'ambo: namaste, na mwakeye.

Neno hilo la pili ndilo mgeni alianze kujifunza. Ni salamu ya asubuhi ya Waha, wenyeji wa nyanda hizi. Sisi wafanyabiashara tumekwisha kuona kwamba anayelitamka sokoni, hata kwa ulimi mzito, hupunguziwa bei kabla hajaomba.

Kamati imetutaka tuwaeleze wageni mambo ya kuona na kufanya Kasulu na Kibondo. Tulipoanza kushauriana, baadhi ya jamaa zetu walicheka. "Huko kuna nini?" walituuliza. "Wapelekeni Gombe wakaone sokwe, wapelekeni Ujiji, kisha warudi makwao." Hatuna ugomvi na Gombe wala Ujiji. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 na dunia ikapata habari. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, na dunia haijaacha kusimulia. Mahali hapo pana vitabu vyake na waongozaji wake. Lakini swali lile la "kuna nini" lilituchoma, maana ni swali la mtu aliyeiona nchi kupitia dirisha la gari.

Na sasa kupita kumekuwa rahisi mno. Miaka si mingi iliyopita, njia ya kutoka Nyakanazi hadi Kigoma ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Dereva alilala Kibondo kwa sababu hakuwa na namna nyingine; abiria alikula Kasulu kwa sababu basi lilikwama. Nyumba za kulala wageni zilijaa bila kutangazwa. Kisha lami ikaja kwa vipande: Kidahwe hadi Kasulu, kilomita 63, Nyakanazi hadi Kabingo, kilomita 50, halafu mradi ule mrefu wa kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu mpakani, wa kilomita zipatazo 260, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara hiyo tuliiomba kwa miaka mingi, na hatuilalamikii hata kidogo. Hata hivyo, mwenye nyumba ya wageni pale Kibondo hutazama basi likipita, na tope la kulisimamisha halipo tena. Ndiyo sababu tumekubali kusimama hapa leo. Tunawaomba mlale huko juu usiku mmoja, au miwili, kabla ya kuteremka ziwani.

Tuanze na Kasulu. Mgeni na aamke mapema na avae koti. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu imepanda mamia ya mita juu ya hapo. Aliyezoea joto la Kigoma mjini hushangaa kuona ukungu umelala mabondeni na watu wamejitanda mablanketi. Wakati mwema wa kuja ni kuanzia Juni hadi Septemba, mvua ikiwa imekatika. Anayependa nchi ya kijani, na asiyeogopa kuteleza, aje masika.

Karibu na mji iko Heru Juu. Hapa tunaomba msiwe na haraka. Nchi ya Buha haikuwa dola moja, bali falme kadhaa: Heru, Muhambwe, Buyungu, Luguru, Bushingo na Bujiji. Mawili kati ya majina hayo mnayasikia hata leo redioni wakati wa uchaguzi, kwa kuwa Muhambwe ni jimbo la Kibondo na Buyungu ni jimbo la Kakonko. Mfalme aliitwa Mwami, na Heru ulikuwa ufalme mkubwa miongoni mwa hizo. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Sauti yake ilisikika mbali na Buha, wakati ambapo wanawake wenye madaraka ya namna hiyo walikuwa wachache mno katika Tanganyika. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini kumbukumbu yake haikufutwa pamoja nao. Hamtakuta hapo makumbusho yenye vioo na tiketi. Mtakuta kilima, miti, upepo, na wazee wanaojua nasaba. Fikeni na mwenyeji, salimuni kwanza, kaeni, na mvumilie mazungumzo yachukue muda wake. Akina mama na mabinti wa jumuiya yetu tunawahimiza hasa waende. Wazee hao hupungua kila mwaka, na waliyoyaweka kichwani mengi hayajaandikwa popote.

Kisha nendeni sokoni Kasulu. Jamaa mmoja alisema soko ni soko. Kwa heshima yake, hajui anachosema. Maharage ya hapa huonekana kwa rangi nyingi kuliko vitenge vya dukani, na mama anayeyauza atawaambia lipi huiva upesi na lipi hulewesha kuni. Kuna muhogo, kuna ndizi, kuna mawese yaliyopandishwa kutoka upande wa ziwani, kuna tangawizi, ambayo sisi wapenzi wa chai ya masala hatuwezi kuipita bila kuinusa. Chumvi ya Uvinza nayo haikosekani. Wachimbuaji wa mambo ya kale, John Sutton na Andrew Roberts, walipochimba Uvinza mwaka 1967 walipata dalili kwamba watu walichemsha maji ya chumvi pale tangu kama karne ya 5. Maana yake, chumvi hiyo ilikuwa bidhaa ya njia hizi zaidi ya miaka elfu moja kabla babu zetu hawajapanda jahazi kutoka Gujarat. Sisi tulikuta biashara, hatukuianzisha.

Kwa wale wasiokula nyama wala samaki, na humu ndani tu wengi, Kasulu haina taabu. Ugali wa muhogo, maharage, ndizi za kupika, mboga za majani: mtu hushiba. Angalizo ni moja tu, nalo ni kisamvu. Ulizeni mapema kama kimetiwa dagaa, maana mpishi wa hapa huwahurumia wageni, naye huona kisamvu kitupu ni umaskini. Majirani zetu wanaokula samaki, wao watapewa migebuka na watafurahi bila ushauri wetu.

Kibondo ni habari nyingine. Mji ni mdogo, hewa ni nzuri, na jambo lake la kwanza ni asali. Misitu ya miyombo iliyouzunguka imejaa mizinga, mingine ya magogo yaliyotobolewa kwa mkono na kuning'inizwa juu ya miti kama ilivyokuwa enzi za mababu, mingine ya kisasa. Ombeni mfugaji nyuki awapeleke msituni, hata kama mtabaki mbali na mizinga. Kuhusu kununua, tunasema kama wauzaji: asali iliyoganda si lazima iwe imechanganywa na sukari, kwa maana asali halisi huganda pia; na rangi yake hubadilika kwa maua na kwa msimu, basi msiikatae nyeusi kwa ajili ya weusi wake. Asali iliyotiwa leo asubuhi katika panchamrit, pamoja na maziwa, mtindi, samli na sukari, ilitoka Kibondo. Nadhani hakuna aliyelalamika.

Mashariki ya hapo nchi hushuka kwenye mabwawa ya Moyowosi na Malagarasi. Bonde hilo la Malagarasi na Muyovozi lilikuwa la kwanza Tanzania kuandikwa katika mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, mwaka 2000, nalo lina zaidi ya hekta milioni tatu. Humo anaishi nzohe, swala wa majini ambaye kwato zake ndefu humwezesha kukanyaga matope bila kuzama, na humo hupatikana yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye watu husafiri kutoka Ulaya kumtafuta na wengine hurudi bila kumwona. Pori la Akiba la Moyowosi lina kibali chake na masharti yake, na njia zake si za gari dogo. Asiye na siku nne za akiba na gari la nguvu aliache kwa safari nyingine.

Sasa lipo jambo ambalo baadhi ya wageni wametuuliza faraghani. Wametaka kuona kambi za wakimbizi. Jibu letu ni hapana. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, lakini hata kama kusingehitaji kibali tungewajibu vivyo hivyo. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita Kongo. Nduta iko Kibondo. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Mwaka 1972, mwaka 1993, na tena 2015, Warundi walivuka mpaka kwa miguu, wengine wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Kwa hiyo anayedai kwamba nyanda hizi hazijazoea wageni hajui historia yake. Zimepokea wageni wengi kuliko hoteli zote za Zanzibar, tena wasiolipa. Sisi wenye maduka tuliuza sana miaka hiyo, magari ya mashirika yakiwa yamejaa barabarani, na kambi zilipopungua mauzo yakashuka. Hilo nalo ni kweli. Lakini mtu aliyepoteza nyumba yake si wa kupigwa picha. Anayetaka kuelewa akae na wanavijiji, awaulize waligawanaje kuni na maji.

Jamaa zetu pia waliwahi kuondoka. Baada ya 1967, na hasa baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi ziliiacha miji midogo ya bara. Walioondoka walibeba madaftari ya duka yaliyoandikwa Kigujarati, na ndani yake majina ya wadeni ni ya Kiha, ukurasa baada ya ukurasa. Ikiwa baba yenu au babu yenu alifanya biashara upande huu na daftari la namna hiyo lipo kabatini Leicester au Toronto, tafadhali lipigeni picha mtuletee. Wajukuu wa majina yale wapo, na baadhi yao wameketi katika ukumbi huu.

Wanaotaka kwenda Heru Juu kesho waandikishe majina kwa katibu kabla ya chakula. Gari litaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Viti ni vichache, na tutawatanguliza vijana. Msisahau makoti.