Upekee Hukaa Wapi? Jina, Lugha na Asasi katika Nyanda za Juu za Umatengo



1.0 Utangulizi

Mada ya leo ni upekee, yaani kile kinachofanya kundi la watu, lugha au asasi itambulikane kuwa ndiyo yenyewe na si nyingine. Katika mijadala yetu ya isimujamii tumezoea kuchukulia kwamba jina la jamii, lugha yake na asasi zake hukaa pamoja kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Ukisema Wamatengo, umekwisha kusema Kimatengo. Ukisema Wangoni, umekwisha kusema Kingoni. Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha kwamba mafiga hayo huweza kuhamishwa moja moja. Kwa hiyo, anayetaka kuhifadhi upekee wa jamii yoyote hana budi kuuliza kwanza umeegemea figa lipi.

Mfano wangu ni Maguu na majirani zake: nyanda za juu za Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, pamoja na mwambao wa Ziwa Nyasa. Sehemu hii ni ndogo lakini ina mengi ya kumfunza mwanaisimu. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, lugha nne za ukanda huu zimepewa namba zinazofuatana: Kimanda N11, Kingoni N12, Kimatengo N13 na Kimpoto N14. Ujirani huo unatupa nafasi ya kulinganisha.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia jina Maguu, mawazo yake hukimbilia miguu mikubwa. Huo ni mtego. Jina la mahali husomwa kwanza kwa lugha ya watu walioishi hapo, na kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa maana. Kanuni hiyo ndogo itatufaa katika mhadhara wote.

2.0 Majina matatu na safari zake

Tuanze na Wangoni. Mababu wa baadhi yao walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835, na kufikia miaka ya 1860 vizazi vyao vilikuwa vimejenga utawala katika eneo la Songea. Waliwateka watu wengi na kuwaingiza katika jeshi na koo zao. Kwa nguvu za silaha wao ndio walikuwa washindi. Hata hivyo, lugha ya Kinguni waliyokuja nayo haikudumu. Kingoni kinachozungumzwa Songea ni jamaa wa karibu wa Kimatengo na Kimanda, na vidoko vinavyosikika katika Kizulu havimo katika mfumo wake wa sauti. Watoto walilelewa na mama waliotoka katika jamii zilizotekwa, wakajifunza lugha ya mama. Jina la mshindi likabaki. Lugha ikawa ya aliyeshindwa. Upekee wa Wangoni, basi, uliegemea jina, koo na kumbukumbu ya utawala.

Tukishuka ziwani tunakutana na Wanyasa. Neno nyasa, kama lilivyo neno nyanja, lina maana ya maji mengi au ziwa. Hivyo tunaposema “Ziwa Nyasa” tunasema jambo lile lile mara mbili. Jina hili limetokana na mazingira, nalo limekuwa mwavuli wa watu wa mwambao wenye asili na lahaja mbalimbali. Serikali ilipoanzisha Wilaya ya Nyasa mwaka 2012 kwa kuigawa Mbinga, jina hilo lilipata mhuri na mpaka. Hata hivyo, mpaka wa wilaya hugawa kodi na ofisi; haugawi lugha, na wala hauumbi kabila.

Jina la Wamatengo, kwa simulizi inayojulikana sana, linahusishwa na neno lenye maana ya msitu mnene. Mashambulizi ya Wangoni ya karne ya 19 yaliwasukuma watu kukusanyika katika milima yenye misitu, na humo watu wa asili mbalimbali wakawa jamii moja. Kwa hiyo jina hili nalo halikutangulia kundi. Kundi liliundwa na hofu, mlima na kazi ya pamoja, kisha likaitwa kwa mahali lilipojificha.

3.0 Ngoro, ntambo na sengu

Kujificha mlimani kuna gharama. Ardhi ni chache, miteremko ni mikali, na mvua huchukua udongo. Jibu la Wamatengo ni kilimo cha ngoro, ambacho wao wenyewe hukiita ingolu. Nyasi hukatwa mvua zinapokaribia mwisho wake, zikalazwa katika mistari inayokatana hadi mteremko ukawa na miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi. Panabaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Maharage hupandwa kwanza, na mahindi hufuata katika msimu mwingine. Kwa desturi wanaume walikata na kulaza nyasi, wanawake wakachimba na kupanda.

Shamba hilo halikusimama peke yake. Lilikuwa ndani ya ntambo, yaani mgongo wa mlima kati ya vijito, uliomilikiwa na ukoo mmoja. Wanaume wa ukoo walikula pamoja katika sengu, na hapo hapo waliamua migogoro, walipanga kazi na kuwafunda vijana. Ngoro ilikuwa ufundi, ntambo ilikuwa sheria ya ardhi, na sengu ilikuwa baraza na shule.

Asasi hizi hazikubaki kama zilivyokuwa. Kahawa iliingia katika miaka ya 1920 na kuchukua sehemu ya ardhi na nguvu kazi. Familia nyingi zilihamia baadaye maeneo ya chini, ambako penye mteremko mdogo matuta ya kawaida hutosha. Sengu ya kula pamoja ilififia. Hata hivyo, mradi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na shirika la Japani la JICA ulipofanya kazi Mbinga kuanzia mwaka 1999, wazo la sengu lilitazamwa upya, na jina lake likaja kutumiwa tena kwa kamati ya maendeleo ya kijiji. Hapa jina la zamani lilipewa kazi mpya, nalo likaishi.

4.0 Kimatengo ndani ya Kiswahili

Sasa tufikie lugha. Kimatengo kilianza kuandikwa na wageni mapema: Mbenediktini Johannes Häfliger alichapisha msamiati wake mwaka 1909. Takriban karne moja baadaye, mwaka 2006, Nobuko Yoneda alichapisha msamiati mwingine huko Japani, na katika makala ya mwaka 2010 akaeleza jinsi Kimatengo kinavyoingiwa na Kiswahili. Katika kipindi hicho hicho, Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009.

Tumezoea kudhani kwamba lugha hufa pale watu wanapoiacha na kushika nyingine. Kinachotokea Umatengo ni kigumu zaidi kutambua. Msemaji haachi Kimatengo, hukijaza. Neno la shule, la zahanati na la ofisi ya kijiji huja kwa Kiswahili, na hilo ni la kawaida katika lugha yoyote. Lakini baadaye hata neno la jikoni na la shambani hupisha la Kiswahili, huku viambishi vikibaki vya Kimatengo kwa muda. Msemaji ataendelea kusema, kwa unyoofu kabisa, kwamba anazungumza Kimatengo.

Kumbukeni Wangoni. Jina lilibaki na lugha ikabadilika ndani yake bila mtu kutangaza. Tofauti ni kwamba, Kinguni kilipotoweka Songea, kilikuwa kingali kinazungumzwa na watu wengi kusini mwa Afrika. Kimatengo hakina akiba mahali pengine.

5.0 Wajibu wa wanazuoni wa Kiswahili

Wapo watakaouliza kama hoja hii haichochei ukabila. Swali hilo ni la haki. Taifa letu lilichagua Kiswahili kwa makusudi, na amani tuliyoipata kwa lugha hiyo si jambo la kubezwa. Hata sensa zetu hazijauliza kabila tangu ile ya mwaka 1967. Lakini Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe inazitambua lugha za jamii kuwa hazina. Na Kiswahili chenyewe kimechota humo: tunafundisha kwamba ngeli imetoka Kihaya na ikulu imetoka Kinyamwezi. Anayechota kisimani hafurahii kikikauka.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, msamiati wa kazi ukusanywe pamoja na kazi yenyewe. Istilahi za ngoro zirekodiwe shambani, kutoka kwa wanawake wanaochimba na wanaume wanaolaza nyasi, kila hatua na jina lake. Pili, wanafunzi wanaotoka Mbinga na Nyasa wahimizwe kuandika tasnifu kuhusu lugha zao kwa Kiswahili, ili matokeo yasomwe na mwalimu wa Maguu na si wageni peke yao. Tatu, maneno kama ntambo na sengu, ambayo Kiswahili hakina visawe vyake kamili, yaingizwe katika kamusi zetu yakiwa na maana zake za asili.

6.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba jina, lugha na asasi havifi pamoja wala haviishi pamoja. Jina ndilo hudumu kirahisi zaidi, na kwa sababu hiyo ndilo shahidi dhaifu kuliko yote. Jamii inaweza kuendelea kuitwa Wamatengo kwa karne nyingine nzima, na mtafiti akahesabu lugha yao kuwa hai kwa kusoma jina hilo katika orodha. Kazi yetu ni kwenda shambani na kusikiliza kama mjukuu anayelaza nyasi bado anayo maneno ya kumwelewa bibi yake.