Usafiri wa Kesho na Kasma ya Mwisho

(Maneno yaliyosemwa bwaloni, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mara ya mwisho niliposimama hapa mbele nilikuwa kiranja wa chakula, nikieleza kwa nini maharage yameungua. Leo nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini, yaani mipango ya usafiri, na jinsi nchi inavyoweza kupata fedha za usafiri usiojaza moshi na hewa ya ukaa angani. Mimi si mhandisi. Mimi ni mtu wa makadirio, na nitasema kama mtu wa makadirio.

Chukueni mfano wa Dar es Salaam. Wazee mliomo humu mnalikumbuka shirika la UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, na mnakumbuka jinsi mabasi yake yalivyopungua hata ikabidi mwaka 1983 watu binafsi waruhusiwe. Nauli ilikuwa sarafu ya shilingi tano, iliyoitwa dala, na jina la daladala likazaliwa. Basi dogo likitoka, jingine likiingia, kila mwenye gari akifukuzia abiria wake. Jiji likakua juu ya mpango huo, ambao kwa kweli haukuwa mpango.

Mwaka 2007 ukaundwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka. Ikajengwa barabara ya pekee ya kilomita kama 21, toka Kimara hadi Kivukoni, na matawi yake ya Morocco na Gerezani. Mabasi yakaanza kazi Mei 2016, na mwaka 2018 jiji likatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Sababu ya sifa hizo ni rahisi. Basi moja refu lenye watu 150 huchoma dizeli kidogo sana kwa kila kichwa, ukilinganisha na watu hao hao wakiwa kila mmoja ndani ya motokaa yake.

Sasa tazameni upande wa fedha, ambako ndiko ninakolala mimi. Barabara na vituo vilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha za serikali. Mkopo wa namna hiyo hulipwa polepole kwa miongo mingi. Lakini mabasi yaliachiwa mwekezaji, ayanunue na kuyalipia kwa nauli. Mpango ulitaka mabasi kama 305. Huduma ikaanza kwa mpito, kwa mabasi 140. Wenye kuijua Kimara saa moja asubuhi hawahitaji maelezo zaidi.

Si kwamba watu walikuwa wajinga. Nauli ikipanda mno, mnyonge hurudi kutembea. Ikishuka mno, vipuri havinunuliki. Tofauti iliyopo hapo katikati hapana budi ailipe mtu, na mtu huyo aandikwe katika makadirio kabla tingatinga halijawashwa. Barabara ya Mbagala, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilikaa muda mrefu ikiwa karibu tayari, mabasi yasionekane hadi mwaka 2025. Lami haibebi abiria.

Halafu kuna karakana ya Jangwani. Iliwekwa katika bonde la mto Msimbazi, mahali ambapo jina lenyewe lingetosha kumwonya mtu. Mvua za Aprili 2018 ziliingia mpaka ndani ya mabasi. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa mwaka 2022 kwa mkopo mwingine wa Benki ya Dunia, una kifungu cha kuihamisha karakana hiyo. Maana yake tumekopa kuijenga, na tumekopa tena kuiondoa.

Najua vijana mtaniuliza juu ya mabasi ya umeme. Ni mazuri. Lakini basi la umeme ni ghali siku ya kulinunua na rahisi siku za kuliendesha, na benki zetu hupenda fedha zao zirudi katika miaka michache. Faida yake huja baadaye. Kwa hiyo tunachohitaji kwanza ni mkopo mrefu wa basi, kama ule tunaoupata kwa barabara.

Nisije nikaonekana nacheka wengine. Nikiwa ofisa mipango kijana katika halmashauri moja, tulipata fedha za barabara ya lami ya kilomita chache. Makadirio yakazidi. Nikaambiwa nitafute pa kupunguza, nami nikatafuta. Nilifuta kasma ya mwisho kabisa katika orodha: njia ya waenda kwa miguu na vifuniko vya mtaro. Nikatia sahihi, nikaenda kula chakula cha mchana. Mwaka uliofuata nilipita pale kwa gari la ofisi. Watoto wa shule ya msingi walikuwa wakitembea juu ya lami, lori nyuma yao likipiga honi. Dereva wangu akanieleza kwamba mtoto wa darasa la pili alikwisha kuvunjika mguu, akiruka mtaroni kukwepa lori. Niliandika barua kuomba njia ile irudishwe. Jibu likawa kwamba mradi umefungwa.

Kutembea ndio usafiri usio na moshi hata chembe, na ndio niliouona wa kukatwa kwanza.

Nimelisema hili hapa kwa sababu nimeambiwa na Mwalimu Mkuu kwamba barabara inayopita langoni mwetu imo katika mapendekezo ya kutiwa lami. Wakati wa kuingiza njia ya miguu na baiskeli ni sasa, kabla ya makadirio kupitishwa, na halmashauri itauliza ni watu wangapi wanaopita. Naomba Kidato cha Tatu mhesabu kwa siku tano, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena jioni: waendao kwa miguu, baiskeli, bodaboda, magari, kila kundi na safu yake. Msiwasahau akina mama wanaopeleka ndizi sokoni. Sisi wa zamani tutazipeleka hesabu hizo wenyewe, na wawili kati yetu wamekwisha kukubali kufuatana nami. Daftari lenye mistari nimemwachia mwalimu wa Jiografia.