Somo la Redio: Neno NET

Natumaini ninyi wa Newala huko juu uwandani, na ninyi wa Masasi penye majabali, mmekwisha kukaa, na daftari zenu zi wazi. Leo tutajifunza neno la Kiingereza lenye herufi 3 tu: N, E, T. Mwalimu, liandike ubaoni tafadhali.

Neno hili limepigwa chapa juu ya mifuko ya saruji, mbolea na unga. Hupatikana pia katika karatasi za mizani.

Maana yake ni uzito wa kitu chenyewe, bila ya chombo kilichotiliwa. Ukipima gunia la korosho na mizani ikasoma kilo 81, hizo ni korosho pamoja na gunia. Uzito huo huitwa GROSS. Gunia tupu likiwa kilo 1, toa 1 katika 81, zinabaki 80. Hizo 80 ndizo NET, nazo ndizo za kulipwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Tuseme mpimaji anatoa kilo 2 kwa kila gunia badala ya 1. Kwa magunia 10, kilo 10 zimepotea. Bei ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, umepoteza shilingi 30,000. Stakabadhi za ghala zilianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, na siku hizi mkulima hulipwa baada ya mnada, kwa kilo zilizoandikwa siku ya kupima. Basi kabla ya kutia sahihi, omba gunia tupu lipimwe, kisha fanya hesabu mwenyewe.

Asili yake je? Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Kilatini. Huko maana yake ilikuwa "chenye kung'aa". Waarabu nao, kwa uzito wa namna hii, husema "safi", neno lile lile tulilo nalo sisi. Kitu kikiondolewa kisicho chake, huwa safi.

Lakini jihadharini! Iko NET nyingine, yaani wavu wa kuvulia samaki, au chandarua. Herufi ni zile zile, asili mbalimbali.

Kazi ya nyumbani: tafuteni mfuko wenye neno NET, mnakili tarakimu zilizo karibu nalo, mje nazo darasani.

Kwa herini.