Mstari wa Sabini: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Ufunguzi wa Maabara ya Kinga



Mshereheshaji amenisifu mno. Ukweli ni kwamba nusu ya maisha yangu ya kazi nimeinamia kichupa kidogo kuliko kidole gumba, chenye maji yasiyo na rangi. Ndani yake mna kingamwili monokloni, yaani kingamwili za ukoo wa seli moja, zinazoshika kitu kimoja na mahali pamoja. Nitazungumzia kichupa hicho, maana friza mliyonunua mtaijaza vya namna hiyo, na bei zake Mhasibu anazijua.

Mbinu yenyewe ilizaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Georges Köhler wa Ujerumani na César Milstein, mzaliwa wa Argentina, walichukua seli za bandama ya panya aliyechanjwa, ambazo hutengeneza kingamwili lakini hazidumu, wakaziunganisha na seli za saratani zisizochoka kuzaana. Mzao akarithi ufundi wa mzazi mmoja na uhai wa mwingine. Ugunduzi huo haukuwekewa hataza. Mwaka 1984 wakapewa Nobel pamoja na Niels Jerne.

Sasa twende kwenye seli T, askari wa kinga ya mwili. Neno CD4 wengi tunalijua kutoka kliniki: “CD4 zako ngapi?” Kipimo kile hutumia kingamwili za aina hii, zilizotiwa rangi inayong’aa. Lakini CD4, protini ya seli T, si kibao cha mlangoni tu. Mkia wake, ulio ndani ya seli, umeshikamana na kimeng’enya kiitwacho Lck. Seli T ikitambua dalili ya adui, Lck hubandika fosfeti kwenye minyororo ya protini ya CD3. Kimeng’enya kingine, ZAP-70, huja kutua juu ya fosfeti hizo, nacho hubandikwa zake, kisha huzibandika protini za LAT na SLP-76. Habari imefika, na dakika mbili hazijaisha. Mwaka 1994 watafiti walieleza watoto waliozaliwa bila ZAP-70 inayofanya kazi: seli za CD8 karibu hawana, na za CD4 wanazo, ila ukizigongea hodi haziitikii.

Kuyaona haya unahitaji kingamwili mbili: moja inayoshika ZAP-70 kwa hali yoyote, na nyingine inayoishika pale tu ilipokwisha kubandikwa fosfeti. Ya kwanza inakuambia mtu yupo nyumbani, ya pili inakuambia yuko macho.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Ile 70 ni uzito wa protini hiyo, kilodaltoni 70. Nilikuwa na kingamwili iliyonipa, kwenye utando wa protini zilizopangwa kwa uzito, mstari mweusi, safi, palepale kwenye 70. Miezi mitano nilipiga picha, nikachora grafu, nikaanza hata kuandika makala. Siku moja fundi sanifu wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akatazama picha zangu akauliza, “Umeijaribu kwenye P116?” P116 ni seli za ukoo wa Jurkat, zile zilizotokana na saratani ya damu ya mvulana wa miaka 14 katika miaka ya 1970, ila hizi hazina ZAP-70. Nikazijaribu. Mstari ukatokea vilevile, mweusi, safi. Kumbe nilikuwa nimepiga picha za protini nyingine yenye uzito huohuo.

Lebo ya kichupa haikusema uongo wa makusudi, nadhani. Aliyekosea ni mimi, niliyeisoma lebo kama hati ya kiapo. Kwa hiyo, Mkuu wa Chuo, kabla ya kununua kingamwili ya pili, nunueni seli zisizo na kitu mnachokitafuta: P116 kwa ZAP-70, J.CaM1 kwa Lck. Najua kumweleza Mhasibu kwamba unalipia seli zenye upungufu ni kazi. Mleteni kwangu.

Jambo dogo kwa wanafunzi. Maziwa ya unga ni rahisi na hufunika utando vizuri, lakini yamejaa kaseini, protini yenye fosfeti. Kingamwili inayowinda fosfeti inaweza kuhangaikia maziwa ikaiacha seli. Hapo tumieni albumini ya ng’ombe. Na seli zikishapasuliwa zikae kwenye barafu, maana vimeng’enya vinavyobandua fosfeti havisubiri umalize chai.

Naona mkasi umeshaletwa. Nakata utepe na kutamka kuwa maabara imefunguliwa rasmi. Karibuni ndani, friza iko kushoto. Kingamwili ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara huharibika, kwa hiyo wapiga picha, tafadhali, mlango wake msiufungue.